Motokari Yenye Évariste Alikata Kichwa

Mudogo yangu Évariste alikuwaka tôlier, muntu ya kunyoosha motokari zenye zimepondeka. Unamuletea mulango yenye kuingia ndani sawa shavu ya muzee asiye na meno, yeye anapiga nyundo pole pole, anapakala mastic, ule udongo ya kuziba matundu, anapakala rangi, na weye unarudia kwako unafikiri motokari yako haijagongwaka hata siku moja. Kazi ile alijifunza kwa Mugreki mumoja yenye alikuwa na garaji karibu na gare ya train. Ule Mugreki alimufundisha bintu mbili: kunyoosha chuma na kupotosha maneno. Kwa chuma Évariste alikuwa fundi. Kwa maneno alipita Mugreki.

Nasema hivi na yeye alisha kufwa. Bantu banasema eti maiti haisemwe mubaya. Mbona akingali muzima nilikuwa namuambia pa macho? Sasa kuingia mu udongo ndiyo kutamugeuza malaika? Apana. Minye siko padri.

Tulizaliwa Panda, hapa Likasi, mu nyumba za kampani, batoto ine: minye Clémentine wa kwanza, Évariste nyuma yangu, halafu Magloire, halafu Blaise wa mwisho. Baba alitumikaka ku carrière ya Kakontwe, kule banachimba mawe ya chokaa. Kila magaribi alirudia mweupe na vumbi ya chokaa, na mama alimupangusa kwanza pa mulango, sawa vile unapangusa kiti mbele ya kuikalia. Kule Kakontwe baba alionaka bajane banafukuzwa: bwana anazikwa asubui, na magaribi bandugu yake basha kubeba kitanda, masufuria, mupaka pazia ya mulango. Alichukia sana. Akatuwekea sheria. Muntu wa famille yetu akikufwa, bandugu banabeba kintu moja tu, ile yenye kubeba jina yake. Ingine yote inabakia kwa bibi na batoto. Na ule mwenye kubeba, yaya mwanamuke wa famille, dada mukubwa wa kuzaliwa, anamuuliza mbele ya bantu unabeba nini, anajibu, na yaya anamupakala chokaa ya Kakontwe ku paji ya uso. Akisha kupakaliwa, imekwisha. Baba mwenyewe alipokufwa, tulibeba baiskeli yake. Muntu hakugusa hata kijiko ya mama.

Basi, ile motokari.

Évariste aliiokota kule kule Kakontwe, nyuma ya carrière, mu majani. Peugeot 403, ya wakati ya wazungu, wakati Likasi ilikuwa bado Jadotville. Haikuwa na kiti, haikuwa na vioo, kuku balikuwa banataga mayai mu coffre ya mizigo. Milango ine. Minye niliona na macho yangu mbili akiikokota na kamba, milango ine inapiga-piga sawa masikio ya tembo, na nilicheka mupaka nikaikala chini. Akaiingiza mu parcelle yake, kiwanja ya nyumba, akazungusha bâche, turubai kubwa, na muntu hakuona tena kintu. Tulikuwa tunasikia nyundo tu na ile mashini ya kukata chuma inalia.

Siku moja akatoka nayo. Haikuwa tena na kichwa! Hakuna mabati ya juu, pale wazi, jua inaingia, na nyuma kitambaa ya kukunja. Milango mbili tu. Rangi ya maziwa. Bantu ba avenue muzima bakatoka mbio, na Évariste amevaa kofia na gants nyeupe ku mikono sawa muntu yenye kubeba askofu, akaanza kusema: "Hii ni cabriolet. Ya kiwanda. Iko moja tu mu Kongo muzima."

Nikamuuliza, "Na ile ya kuku?"

"Yaya, ile ilikuwa ingine. Ile niliuzisha ku bipande. Hii ilikuwa ya docteur mumoja Mubelge, aliificha mu dépôt siku za vita."

"Niliona moja inaingia, na moja inatoka. Ile ingine ilipitia wapi, juu ya ukuta?"

"Yaya, weye unapenda matata."

Na ule docteur hakukaa pahali pamoja. Mwaka ya kwanza alikuwa docteur. Mwaka yenye kufuata akakuwa docteur mukubwa wa Katanga yote. Mu mwisho alikuwa mujukuu ya mufalme wa Ubelgiji. Kila ndoa ule muzungu alipanda grade, na hakukuwa muntu alishawahi kumuona hata kivuli.

Sababu ndoa ndiyo ilikuwa kazi ya ile motokari. Likasi hapa, mwanamuke anaolewa, anataka kutoka kanisa amesimama mu cabriolet ya Évariste, voile, shela yake, inapepea, klaksoni nyuma, batoto banakimbia. Bamama balikuwa banasema mu sherehe, "Wa kwangu alibebwa na ile ya docteur," na wenye batoto yao walibebwa na taxi-bus banaangalia chini. Ujinga! Unaolewa na mwanaume ao unaolewa na mabati? Ndoa ya mujukuu yangu Joëlle, baliniikalisha mu kiti ya nyuma sababu ya magoti yangu. Nikapitisha kidole ku ubavu wa motokari, pale karibu na goti. Chini ya rangi kulikuwa mustari, unashuka wima, sawa kovu ya muntu yenye alipasuliwa. Évariste aliniona mu kioo.

"Yaya, toa kidole."

"Inakuuma?"

"Toa kidole, nasema. Unaharibisha rangi."

Nikatoa. Lakini hata nyama ya ile sherehe sikuikula.

Sasa nyumba. Hapa musikilize muzuri, juu muntu anaweza kufikiri tôlier mwenye cabriolet alijenga nyumba. Évariste hakujenga hata choo. Kila franka aliyopata ku ndoa ilirudia mu tumbo ya ile motokari: mipira ya magurudumu, rangi, carburateur, rangi tena. Nyumba alijenga bibi yake, Marcelline. Marcelline anakaanga mikate mbele ya nyumba ya masomo, tangu kijana mupaka leo, mikono yake imeungua mupaka ku kiwiko sawa ngozi ya mamba. Mikate ikakuwa tofali, tofali ikakuwa ukuta, na juu akaweka mabati mapya. Vyumba tatu na saluni, lakini karatasi ya parcelle ilibeba jina ya Évariste. Na Marcelline ni Mukasai, kwabo ni jimbo ya Kasai, lakini wa kuzaliwa hapa hapa, baba yake aliletwa kufanya kazi ya mungodi, kuchimba shaba. Mwaka ile ya mabaya, wakati Bakasai balifukuzwa mu Katanga na balilala nje ku gare kungojea train, mama yake alimuvuta mukono, "Tuende." Yeye akabakia sababu ya ule mujinga na gants zake. Basi hapa hana baba, hana mama, hana ndugu hata mumoja. Batoto yake wako mbali, Kolwezi, banapanga chumba kimoja. Ukimutoa mu ile nyumba, ni barabara.

Évariste alikufwa na kifua. Rangi ilimukula mapafu. Marcelline alimulalia pembeni ku hospitali mupaka mwisho. Blaise alikuja na machungwa. Magloire, yenye anaikaa Lubumbashi, muntu ya cravate, alituma sauti mu telefone: "Courage, courage, niko na réunion ya kazi." Ndugu yako anakufwa na weye uko na réunion! Lakini ku kilio alifika wa kwanza, akachukua kiti yenye mukono, akalomba bière baridi.

Siku ya pili nyuma ya maziko, akakuya muntu mumoja, Carlos. Baba yake Mureno, mama yake wa hapa Likasi. Kazi yake kule Lubumbashi ni kukusanya motokari za zamani. Anazisafisha na anaziuzisha kwa matajiri. Alikuya kusalimia mujane, alisalimia na heshima, alitoa mukono kwa kila muntu. Lakini macho yake ilikuwa ku bâche. Akalomba ruhusa, akanyanyua kona, akaangalia kidogo, akasema, "Kama ni cabriolet ya kiwanda, inapita bei ya hii nyumba na ya jirani pamoja. Kama ni ya kiwanda. Nitarudia dimanche nyuma ya misa, niipime."

Magloire hakusikia ile "kama". Niliona uso yake inageuka. Pale pale machozi ikaanza kutoka, ile haikutoka ku kaburi. "Ndugu yangu! Ndugu yangu mupenzi!" Na kuanzia ile siku hakulala tena ku mukeka na bantu ba kilio. Alilala mu motokari, eti anailinda. Bantu banaimba nyimbo za marehemu, yeye anakoroma juu ya usukani, mate inateremuka ku kiti. Inzi inakaa ku kinywa yake. Nilipita pale na maji ya kuosha, nilitaka kumumwagia.

Vendredi asubui, siku mbili kabla ya ile dimanche, Marcelline akaniita.

"Yaya, kuya."

"Nini?"

"Kuya tu, shemeki Magloire ameenda kunyoa ndevu."

Akaingia chini ya bâche, minye nyuma yake, na magoti yangu inalia. Akachukua kijiko, akageuza, akakwangua na mukia yake ku ubavu wa motokari, chini, pale muntu haone. Rangi ikapasuka. Mastic ikaanguka bipande-bipande, sawa bukari, ule ugali, yenye kukauka ku sufuria. Na chini yake, mustari ya mulango. Akakwangua tena juu kidogo, tundu ikaonekana, tundu ya ile chuma ya kufungulia, imefungwa na kitambaa. Marcelline akavuta. Ikatoka kipande ya pagne, kitenge, imekauka na rangi.

"Hii ni pagne yangu ya ndoa," akasema. "Aliniambia panya ilikula."

Nikatema mate. Mwanaume anapasua pagne ya ndoa ya bibi yake juu ya kuziba tundu ya uongo!

"Ulijua tangu wakati gani?" nikamuuliza.

"Tangu mwanzo, Yaya. Ni minye nilimushikia taa siku alikata."

"Na ulinyamaza."

"Alikuwa bwana yangu. Alikuwa na furaha."

"Furaha! Na kesho, famille ikikaa juu ya bintu ya marehemu, utanyamaza?"

Akakunja ile pagne, akaiweka mu kifua. "Kesho nitasema. Nikinyamaza, ule Carlos akikuya akaona haiko ya kweli, Magloire atasema minye niliuzisha ya kweli na nikaweka ya uongo pahali yake. Atanitoa na polisi. Lakini Yaya, wale wote wenye walioana mu ile motokari... Jina ya Évariste itaoza."

"Ilisha kuoza. Sema tu."

Samedi tukaikala mu parcelle, famille upande hii, bajirani upande ile, juu sheria ya baba inataka mashahidi. Marcelline chini ku mukeka, kichwa kimefungwa na kitambaa nyeusi. Magloire akasimama, akapanga cravate, akaanza Kifaransa chake.

"Chers frères, chers voisins. Nyumba ni ya ndugu yetu. Motokari ni ya ndugu yetu. Huyu mama tunamushukuru kwa kazi yake. Lakini yeye ni mugeni. Kwabo iko Kasai. Gare iko pale."

Bamama ba jirani bakafanya "Eee!" Mumoja, Mama Viviane, mwenye kuuzisha makala, makaa ya kupikia, akalalamika kwa nguvu: "Mugeni gani? Weye ndiyo tunakuona mara ya kwanza!"

"Mama ya makala, uliitwa?"

"Niliitwa kushuhudia. Nashuhudia uko mujinga."

Bantu bakacheka. Nikapiga fimbo yangu chini.

"Magloire," nikasema, "Kasai utaenda weye. Baba alisema kintu moja. Unajua, Blaise anajua, hata mawe ya Panda inajua. Chagua. Nyumba ao motokari."

"Yaya, zamani na leo siyo moja..."

"Kintu moja. Ao uende kusema ku kaburi ya baba kwamba sheria yake inanuka."

Hii sheria, hata wezi ba famille yetu banaiogopa. Akatembea kidogo, akaangalia nyumba, akaangalia bâche, sawa mbwa kati ya mifupa mbili. Kisha akainama mbele ya Marcelline, sauti ya sukari.

"Shemeki, Marcelline, mama. Unijibu mbele ya bantu. Hii motokari ni cabriolet ya kweli, ao haiko ya kweli?"

Marcelline akanyanyua kichwa.

"Haiko ya kweli, shemeki. Ni berline, motokari ya kawaida ya milango ine. Évariste alikata kichwa. Milango ya nyuma iko pale, chini ya mastic. Niliona akizifunga. Munisamehe, lakini ni hivyo."

Sijasahau vile alisema, na sauti ndogo, mbele ya bamama wenye batoto yao walibebwa na ile motokari. Mumoja alisimama akatoka. Na Magloire? Magloire akapiga mapaja, akacheka mupaka meno ya nyuma.

"Munasikia? Munasikia ujanja? Haiko ya kweli! Minye niache motokari, niende na nyumba ya tofali ya matope, na yeye dimanche anauzisha kwa Carlos, anaenda zake na mali! Mama, unafikiri nililala masomo?"

"Sikusema uiache," Marcelline akasema. "Uliniuliza, nilikujibu."

"Magloire," nikasema, "niliona na macho. Kuya hapa, tutakwangua, uone mulango."

"Usiguse!" Akaruka mbele ya bâche na mikono wazi sawa Yesu ku musalaba. "Usiguse rangi! Unataka kuiharibisha, ipoteze bei!"

Blaise, yenye kila siku anaitika kwa ule mwenye kusema wa mwisho, akajaribu kidogo: "Yaya Magloire, tuangalie tu, pole pole..."

"Weye nyamaza, hata baiskeli hauna."

"Minye ni yaya yako," nikamuambia. "Tumbo moja tulitoka. Nakuambia na kinywa hiki: ile motokari ni uongo."

Akaniangalia. Muntu nilimubeba ku mugongo, nilimupangusa kamasi, nilimulisha. Akasema, "Mwiye ba-mwanamuke mulisha kupatana. Amekuahidi ngapi?"

Nikalomba sahani ya chokaa.

"Magloire, mbele ya famille na mbele ya bajirani, unabeba nini?"

"Motokari."

"Nakuuliza tena. Unabeba nini?"

"Yaya, nilisha sema. Motokari! Nyumba abakie nayo, apikie mikate yake."

Nikachota chokaa na vidole vyote. Nilimupakala muzuri. Paji, nyusi, hata pua. Bajirani bakapiga mikono, pa, pa, pa, juu ni vile inafanyika. Blaise naye akapiga.

Dimanche, ile chokaa ingali ku uso yake, hakutaka kuosha, eti ni baraka. Hakuenda misa. Tulimukuta amevua cravate, amekunja suruali, anaosha ile motokari na sabuni ya kunukia ya Marcelline, anaipangusa na torchon, anaisemesha: "Mupenzi yangu, mupenzi yangu." Bibi yake hajasikiaka neno ile, naapa.

Carlos akafika. Akasalimia mujane kwanza. Kisha akatoa mu mufuko kachuma kadogo kenye kuvuta chuma, ile banaita aimant, kamefungwa na kitambaa juu kasichubue rangi. Akakaweka ku kapo ya mbele, kifuniko ya mashini. Ta! Kakashika.

"Munaona?" Magloire akapiga kelele. "Chuma! Chuma ya kiwanda! Yaya, unaona?"

Carlos akaenda ku ubavu, karibu na kiti ya nyuma. Akakaweka. Kakaanguka. Akaokota, akakaweka juu kidogo. Kakaanguka. Akapiga na vidole, ikalia sawa kibuyu. Akapiga magoti mu matope na suruali yake ya misa, akaingiza kichwa chini, akakaa kule wakati murefu. Magloire naye akapiga magoti, anaangalia matako ya Carlos sawa yale ndiyo itamujibu.

Carlos akatoka, akapangusa mikono.

"Ni berline," akasema. "Imekatwa. Kazi muzuri, fundi alijua. Kwa ndoa inaenda. Kwa minye, hapana."

"Hapana nini?" Magloire akasema. "Docteur! Kulikuwa docteur, Mubelge, mujukuu ya mufalme..."

"Pole sana, monsieur."

Akamulomba Marcelline maji, akakunywa, akarudisha kikombe na mikono mbili, akapanda mu jeep yake. Magloire alikimbia nyuma yake mupaka ku kona ya avenue, torchon mukononi, anapiga kelele, "Angalia tena! Angalia upande ingine!" Mama Viviane alikuwa amepanda juu ya gunia ya makala aone vizuri. Alicheka mupaka gunia ikapasuka.

Mungefikiri alirudia na haya. Apana, alirudia na ngazi. Aliikopa wapi sijui. Akaisimamisha ku ukuta ya nyumba.

"Blaise, panda! Tunatoa mabati. Mwenye nyumba alikuwa ndugu yetu. Ile ya jana ilikuwa makosa, tulidanganywa, tunaanza upya."

Yeye mwenyewe akapanda. Akafika juu, akaanza kuvuta bati ya kwanza, musumari ikalia nyiii. Marcelline alikuwa ku mulango. Hakupiga kelele. Alishika tu ukuta, kiganja wazi, sawa unashika mutoto mwenye homa.

Nikaenda kuikala pale chini ya ngazi, na kiti yangu. "Shuka."

"Yaya, toka, bati itakuangukia."

"Iniangukie. Utaniosha weye, utanizika weye, na ku kilio yangu utabeba hii kiti. Shuka."

"Alinitega!" akapiga kelele kule juu, anamuonyesha Marcelline na kidole. "Ule muchawi alijua, na akanitega!"

"Alikutega na kweli? Alikuambia wazi, mbele ya avenue muzima. Minye nilikuambia. Tulitaka kukuonyesha mulango, ukafunga njia na mikono. Weye ndiyo muntu ya kwanza mu famille hii kudanganywa na kweli."

Bajirani basha kujaa ku ukuta. "Tuliona chokaa!" Mama Viviane akapiga kelele. "Unayo bado ku pua!" Na mwingine, "Tulipiga mikono! Tulipiga mikono weye!"

Magloire akamuangalia Blaise. "Panda, nasema!"

Na Blaise, ule Blaise mwenye maisha yake yote alikuwa mukia, akaangalia chini, akasema, "Yaya Magloire, balituambia. Minye nilisikia. Shuka, juu nachukua ngazi."

Akaanza kuitikisa. Magloire akashuka mbio, akaanguka ngazi ya mwisho, suruali ikapasuka. Chokaa imechanganyika na jasho, inashuka mu macho, uso yote sawa mukate yenye haijaiva. Akakuja mbele yangu.

"Yaya, nifute hii kintu. Tuseme sikujibu."

"Ulijibu mara mbili. Maji iko mu pipa, jioshe. Na beba motokari yako utoke mu parcelle ya bantu."

"Batterie imekufwa."

"Isukume. Uko na cravate ya kuivuta."

Akaenda kujaribu. Akasukuma, haikutembea. Blaise akamusaidia, ikatembea kidogo, ikakwama mu mufereji pa mulango, matako nje, kichwa ndani. Ile cabriolet yenye kubeba mabibi harusi ba Likasi muzima! Magloire akaikala juu ya mawe, pembeni, anapumua sawa mbuzi.

Nikafikiri, basi, imekwisha, sasa tutakunywa chai. Nageuka, namuona Marcelline anatoka jikoni na sahani. Bukari moto, mboga ya lenga-lenga, samaki ndogo-ndogo za fretins zimekaangwa. Anaenda kwa ule muntu!

"Shemeki," akamuambia, "kula kwanza. Ile motokari ni nzito."

Nilitaka kumupiga na fimbo, yeye, siyo Magloire. "Marcelline! Unamulisha muntu yenye alipanda juu ya kichwa yako kukutoa bati?"

"Ni ndugu ya Évariste, Yaya. Nitajibu Évariste nini?"

"Évariste yenye aliziba tundu na pagne yako ya ndoa?"

Akacheka. Tangu maziko nilikuwa sijamusikia kucheka. Akaweka sahani ku magoti ya Magloire, akaenda zake ku mulango, akaangalia juu ile bati yenye musumari moja inaninginia, akamuita Blaise arudie na ngazi, apigilie.

Na Magloire? Muntu mwenye haya angesema asante, sina njaa. Angemwaga machozi hata ya uongo. Ule akashika bukari, pasipo kunawa, akafinya, akachovya, akatafuna na kinywa wazi, mafuta ikateremuka ku kidevu ikapita mu chokaa. Akala fretins na vichwa yao. Akapangusa sahani na kidole, akalamba kidole. Halafu, pale pale mbele ya ile nyumba, na nyundo ya Blaise inalia juu ya kichwa yake, akanyoosha sahani.

"Shemeki," akasema, "lenga-lenga haijabakia kidogo?"

Na ule mujinga mwanamuke akaenda kumuongezea.